Hivi Michael Scofield ni mtu mwema kweli, au tulipofushwa na akili zake?

Kijiti Kavu (mleta mada):

Wakuu salama? Nimemaliza kuirudia Prison Break yote, ile tamthilia ya Marekani, kuanzia ile sizoni ya 1 ya 2005 mpaka ya 5 ya 2017. Mara ya kwanza niliiangalia kwenye zile DVD za Mchina, diski moja wamebana sizoni nzima, picha mbovu lakini nani alijali, mtaa mzima tulikuwa tunamuongelea Scofield utadhani mtoto wa jirani aliyefaulu. Nilimpenda yule jamaa asikwambie mtu. Injinia, mpole, hapigi kelele, kajichora ramani ya gereza mwili mzima, kaingia benki kapiga risasi juu makusudi ili akamatwe apelekwe gereza la Fox River akamtoe kaka yake Lincoln asikalishwe kwenye kiti cha umeme. Stelingi wa namna ile tulikuwa hatujawahi kumuona.

Safari hii nimeiangalia taratibu na kuna kitu kinanikera tangu episodi za mwanzo. Hivi yule mtu tunamuitaje mwema?

Angalieni. Anahitaji muda wa kutoboa ukuta bila kuhesabiwa, kwa hiyo anaharibu kiyoyozi makusudi, wafungwa wachachamae kwa joto, gereza lifungwe, yeye huku nyuma apate nafasi ya kufanya yake. Kwenye hesabu zake ni vurugu kidogo tu. Ikawa vita. Askari Bob, ambaye hata hakuwa miongoni mwa wale askari wabaya, akajikuta kaliona lile tundu kwenye selo, mfungwa mmoja, T-Bag, akammaliza kwa kisu. Na hapo hapo ndo T-Bag akaijua plani, ikabidi naye awemo, maana ukimuacha nje anachoma. Kwa hiyo kile kiyoyozi kiliua mtu mmoja na kumpa tiketi ya kutoka mtu hatari kuliko wote mle ndani.

T-Bag mnamjua, sina haja ya kueleza kilichomuingiza gerezani. Baada ya kutoka kazi yake ya kwanza ni kwenda kwa daktari wa mifugo kushonewa mkono uliokatwa na shoka la mfungwa mwenzake Abruzzi, mzee wa watu kamshonea mpaka kamaliza, shukrani yake ni sindano ya kifo. Na wengine wakafuata. Wale watu hawana habari na Lincoln, hawajui kama Chicago kuna kesi yoyote, na wangekuwa hai kama Michael angebaki ofisini kwake anachora maghorofa.

Swali langu ndo hili: mikono ya Michael ni misafi kwa sababu haui, au ni misafi kwa sababu kila mara alikuwepo mwingine wa kuua pembeni yake? Na msiniletee ile ya "ni muvi tu". Kama ni muvi tu mlilia nini kile kichwa cha Sara, yule daktari wa gereza, kilipoletwa kwenye boksi sizoni ya 3?

Binti Makorora:

Kaka Kijiti, katika watu wote wa Prison Break wewe ukaona wa kumpandisha kizimbani ni huyo? Umemruka Caroline Reynolds, makamu wa rais, na ile Kampuni ya siri yote, watu waliotengeneza ushahidi wa uongo ili mtu asiye na hatia anyongwe kwa kumuua Terrence Steadman, kaka yake Caroline, na huyo Steadman mwenyewe yuko hai kafichwa anakula na kulala! Yani mtu anakwenda kufa kwa kumuua mtu ambaye hajafa. Rufaa zimegonga mwamba, wakili wao Veronica anahangaika na mafaili, mashahidi wanapukutika mmoja mmoja. Michael angefanya nini sasa, aandike barua kwa gavana? Gavana Tancredi aliletewa yale mafaili na binti yake wa kumzaa, Dokta Sara, wakubwa wakamnong'oneza cheo akaufyata.

Halafu hujagusa kabisa habari ya deni. Lincoln alikopa dola 90,000 kwa watu wabaya ili mdogo wake asome, akamwambia ni hela za bima ya marehemu mama. Dogo kasoma, kawa injinia, anakaa ghorofani, anamuona kaka yake mhuni tu aliyeshindikana. Kumbe ule uhuni ndo uliomlipia ada. Na deni hilo hilo ndo lililomfikisha Lincoln kwenye ule mtego. Sasa mtu umeshajua hilo, unalala vipi? Damu nzito kuliko maji, hili halihitaji kwenda chuo.

Na dhambi za T-Bag abebe T-Bag. Mimi nikisahau mlango wazi mwizi akaingia, mwizi ni mwizi, polisi hawanikamati mimi.

Mtoto wa Kota:

Dada Binti, mlango ukiuacha wazi wa kwako wewe, hasara ni yako. Huyu bwana aliacha wazi mlango wa nyumba wanayolala watu wengine, halafu yeye akapanda gari akaondoka. Tusifananishe.

Mimi nimezaliwa kota za magereza, mzee wangu alikuwa askari magereza mpaka anastaafu, kwa hiyo mniwie radhi nikiongea kwa uchungu kidogo. Mtu akiangalia Prison Break anadhani askari wote ni kina Bellick, wanakula rushwa na kupiga virungu. Wapo wa hivyo, sibishi. Ila wengi ni kina Bob, mtu kavaa yunifomu kwa sababu ndo kazi aliyopata, anahesabu masaa ya zamu arudi nyumbani. Kitu ambacho watu wa nje hawakijui ni kwamba wafungwa wengi kupita kiasi ukiwatia joto na ukawanyima chakula kwa wakati, hakuna askari anayelala, kila mtu anajua leo kinanuka. Na Michael alijua. Alisoma lile gereza kuliko mkuu wa gereza mwenyewe. Haiwezekani mtu ajue bomba la choo linapita wapi na linatokea wapi asijue kwamba wanaume mia kadhaa wenye hasira wakifunguka kuna mtu atachomwa.

Mimi nadhani shida iko hapo kwenye uinjinia wake. Aliliangalia gereza akaona ukuta, bomba, dari na zamu. Bob akawa sehemu ya zamu. Ndo maana ukiangalia vizuri sura ya Michael wakati Bob anakufa anashangaa kweli, anasikitika kweli, mana kwenye mchoro wake hakukuwa na mtu hapo.

Mwingine mnayemsahau ni mzee Pope. Mkuu wa gereza gani duniani anamuita mfungwa ofisini kistaarabu, anamuomba amsaidie kutengeneza ile Taj Mahal ya vijiti ya kumzawadia mke wake? Alimuamini kama mwanae. Siku ya siku akatishiwa na kisu akafungwa kamba ofisini kwake, na kazi ikaota mbawa. Pope hakuwa Kampuni. Pope hakumfunga Lincoln.

Msee wa Umoja:

Niaje watu wa TZ, niruhusuni niingilie hapa juu hii mambo ya Haywire huwa inaniuma vibaya na hakuna mtu huwa anaiongelea.

Haywire alikuwa mgonjwa wa akili. Ndio, alikuwa ameua, hiyo sikatai, lakini ni mtu mgonjwa na alikuwa anatibiwa. Kumbukeni venye Michael alimtoa kwa selo yao. Jamaa ameanza kuangalia zile tatuu anashuku ni ramani, so Michael anajigonga kichwa kwa vyuma mwenyewe mpaka damu inatoka, askari wakikuja anasema ni Haywire amempiga. Mgonjwa anaburutwa anapiga nduru akisema ukweli, na hakuna anayemwamini kwa sababu ni mwendawazimu. Hiyo tu kwangu ni mbaya kushinda kiyoyozi, kiyoyozi angalau unaweza sema hakupanga mtu afe, lakini hii alipanga yeye mwenyewe na ikaenda sawa kabisa.

Halafu haikuishia hapo. Mgongo unachomeka, kipande cha ramani kinapotea, na mtu pekee mwenye aliishika kwa kichwa ni nani? Haywire. Sasa Michael anajipeleka wodi ya wagonjwa wa akili kumtafuta na anamshawishi aache kumeza dawa ndio kumbukumbu irudi. Aache dawa! Fikiria ni ndugu yako ako Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, na kijana mmoja msomi sana amekuja kumwambia tema hizo tembe nikusaidie. Na siku ya kutoroka wakamtupa njiani kama mzigo. Akabaki anazunguka na mbwa, anajenga rafti ati aende Uholanzi. Mwisho wake ni kuruka kutoka juu ya mnara, Mahone, ule msee wa FBI alikuwa anawasaka, akiwa hapo pembeni anamuonyesha njia.

Na Sucre je, ule wa selo moja na Michael? Alikuwa amebakisha miezi 16 peke yake. Sawa, yeye alitoka kwa sababu ya dem wake Maricruz alikuwa karibu kuolewa na ule jamaa Hector, hakuvutwa kwa nguvu. Lakini bila tundu kwa selo yake angeenda wapi? Angevumilia tu kama wengine.

Kijiti Kavu:

Msee umenigusa hapo kwa Haywire, hiyo ya kujigonga kichwa tulikuwa tunaishangilia kabisa, tunaambiana eti jamaa ana akili huyu! Tulimshangilia mtu mzima anamsingizia chizi.

Mama Naila:

Jamani naomba nafasi na mimi, nitaandika refu mnisamehe. Mmeongelea askari, mmeongelea wagonjwa, Dokta Sara mmempitia juu juu wakati kesi kubwa kuliko zote iko pale.

Kazi yangu ni na vijana wanaojitoa kwenye unga, hawa wa methadoni, kwa hiyo Sara mimi namuangalia kwa jicho tofauti. Mtu aliyeacha hajapona, ameacha. Kinachomshika ni vitu vidogo vidogo, ratiba, kazi, mtu anayemuamini, kuwa na sababu ya kuamka asubuhi. Sara alikuwa mraibu wa morfini akaacha, na kazi ya ile zahanati ya gereza ndo ilikuwa sababu yake ya kuamka. Sasa hebu fuateni alichofanyiwa. Michael anaingia na kisukari cha uongo, anameza vidonge vya kuvuruga vipimo, achomwe insulini kila siku ili tu apate kukaa kwenye kile chumba chenye njia ya kutokea. Kila siku anakaa mbele ya yule dada, anamchekesha, siku ya kuzaliwa kwake anamtengenezea ua la karatasi. Kuna kupendana kweli humo ndani, mimi sibishi, inaonekana machoni, lakini kuna ufunguo pia. Anambusu huku anawaza ufunguo. Akishindwa mwenyewe anamtuma Nika, yule mke wake wa makaratasi, akauibe. Sara akashtuka, kitasa kikabadilishwa.

Hapo ndo anakuja kumwambia ukweli, na muda umeshaisha. Kamwekea mezani vitu viwili, kiapo chako cha kazi au maisha ya kaka yangu, chagua usiku huu. Sara akaacha mlango wazi. Akaenda nyumbani akajidunga. Polisi wanavunja mlango wanamkuta chini hajitambui.

Hebu nyamazeni hapo kidogo kabla hamjaruka kwenda kwenye ndege ya Abruzzi na mbio za kule msituni. Sisi wote tulikuwa tunaangalia kama watafika uwanjani, wakati kuna mwanamke anakufa sakafuni na hakuna hata mmoja kati ya wale wanane waliotoroka aliyejua. Na baadae kazi hana, kesi anayo, baba yake kakutwa ananing'inia, wamemuua wakafanya ionekane kajinyonga, Kellerman, yule mtu wa Reynolds, anamchoma na pasi ya moto na kumzamisha kwenye bafu. Vyote hivi vinaanzia kwenye kisukari cha uongo.

Mnasema alimpenda. Ndiyo, na ndo kinachonitisha. Angekuwa hampendi ningesema tapeli wa kawaida, tunao wengi. Huyu alimpenda na bado akamtumia, na alijua anamtumia, na usiku akienda kulala anaumia kabisa, na asubuhi anaendelea.

Binti Makorora:

Dada Mama Naila nakuheshimu na kazi yako Mungu akulipe, ila umemfanya Sara kama mtoto mdogo na mimi hapo sikubali. Sara alisoma faili la Lincoln mwenyewe. Alilipitia, akafuatilia, akajiridhisha kwamba yule mtu hana hatia, akalipeleka kwa baba yake, baba akamuangusha. Ule mlango hakuufungua kwa sababu ya busu wala ua la karatasi, aliufungua kwa sababu mtu anakwenda kuuawa na serikali kwa uongo na yeye ndo aliyebaki na kitasa mkononi. Huo ni uamuzi wa mwanamke mwenye akili zake, ukimwambia alitumiwa tu unamnyang'anya tendo la kishujaa kuliko yote kwenye sizoni ya 1. Michael mwenyewe hakufanya kitu kizito kama kile, yeye alikuwa anamtoa ndugu yake, Sara alimtoa mtu baki.

Na Michael angeweza kuendelea kumdanganya mpaka dakika ya mwisho. Alimwambia ukweli akajua kabisa anaweza kwenda kumripoti kwa Pope na mchezo ukaishia pale.

Na msisahau ule ugonjwa wake, sijui wanauitaje kwa Kiswahili, ile hali ya ubongo kushindwa kuchuja vitu, kila kitu kinaingia. Walieleza kabisa kwamba ndo inamfanya maumivu ya mtu mwingine ayaone kama ya kwake. Sasa mtu wa hivyo mnasema alimuona Bob kama bomba?

Mama Naila:

Mdogo wangu, la faili ni kweli na umelisema vizuri kuliko nilivyoliweka mimi. Mlango aliufungua kwa hiari. Ila Michael alijua historia yake ya morfini, na baada ya ule mlango hakuweka mpango wowote kwa ajili ya Sara. Hata mmoja. Mtu aliyepanga mpaka parafujo ya benchi itolewe lini, aliyejua kidonge gani kinavuruga sukari, ameshindwa kupanga Sara kesho asubuhi ataamkia wapi? Kwenye tatuu yote ile mwili mzima, Sara amechorwa wapi?

Mtoto wa Kota:

Mama Naila umemaliza kila kitu 🙌

Na Binti, kuhusu ubongo kutochuja. Inawezekana maumivu anayaona yote. Kuyaona ni kitu kimoja, kugeuza gari ni kingine. Kuna yule dogo Seth aliyekuwa ananyanyaswa na T-Bag, alimfuata Michael kabisa kumuomba msaada. Michael akamwambia hawezi. Dogo akajinyonga mbele ya selo zote. Aliona, akaumia, akarudi kuchimba.

Baba Wawili:

Mimi nimekaa nasoma tu uzi ila naona wote mnalinganisha Michael na watu waliomuumiza au aliowaumiza. Mlinganisheni na mtu aliyekuwa kwenye hali kama yake. C-Note, mfungwa mwingine aliyetoroka nao.

C-Note naye ni familia. Jeshini alifukuzwa kwa kuripoti mateso ya wafungwa, yani alifanya jambo la haki likamponza, akarudi hana kitu, akaingia kwenye magendo akafungwa, mke anadhani mume bado yuko Iraq. Akatoroka kwa ajili ya mke na binti yake Dede. Sizoni ya 2 Dede anaumwa figo, wako mbioni, dawa zinaisha, mama mtu ameshakamatwa. Hapo C-Note anazo njia nyingi za kufanya kama Michael. Anaweza kuvamia hospitali, kumtumia nesi, kumdanganya mtu mwema mmoja amsaidie kisha aharibikiwe. Ana akili, alikuwa ndo mtu wa kuingiza kila kitu mle gerezani, hakosi mbinu. Akajisalimisha. Akasema mtibuni mwanangu nami nirudisheni ndani. Na mle ndani Mahone akamletea kamba ajinyonge ili familia isiguswe, na nusura afanye.

Bei ya Dede aliilipa C-Note kwa mwili wake. Bei ya Lincoln aliilipa nani? Mfungwa mzee Westmoreland, Bob, Sara, baba yake Sara, Veronica, Tweener aliyefungwa kwa kuiba kadi ya besiboli akapigwa risasi na Mahone porini. Michael mwenyewe alipoteza vidole viwili vya mguu.

Mimi nina watoto wawili, nikiulizwa nani ni stelingi pale siwezi kumtaja mtu mwenye tatuu.

Msee wa Umoja:

Baba Wawili hiyo ya vidole viwili imenimaliza 😂😂 lakini ni ukweli.

Kijiti Kavu:

Ngoja nimtendee haki kidogo, maana mimi ndo nimeleta kesi lakini sitaki ionekane simpendi, bado nampenda, ndo shida yenyewe. Mwisho wa sizoni ya 2 kule Panama boti ipo, kaka yake yupo huru, kilichobaki ni kupanda na kuondoka. Anasikia T-Bag kaua tena. Anaacha boti anamfuata T-Bag. Hakuna aliyemlazimisha. Lincoln mwenyewe anamshangaa. Kwa hiyo Michael anajua kabisa kwamba T-Bag ni deni lake, hajawahi kusema eti dhambi za T-Bag abebe T-Bag kama Binti anavyomtetea. Mtetezi ana huruma kuliko mshitakiwa mwenyewe!

Na ile muvi ya kumalizia, yeye anakufa ili Sara atoke kwenye gereza la wanawake akiwa mjamzito. Kwangu pale hesabu ziliweza kukaa sawa. Umemfungisha kwa makosa yako, umemfungulia kwa uhai wako. Wangeishia pale nisingefungua huu uzi.

Mpiga Chabo:

Nilikuwa msomaji tu ila hapo kwenye "wangeishia pale" imebidi nilogini. Ambao hamjaangalia sizoni ya 5 rukeni hii, kuna spoila.

Wakuu mnakumbuka mwisho wa sizoni ya 5? Michael kumbe hakufa, alikubaliana na yule Jacob anayejiita Poseidon, ajifanye amekufa, awafanyie kazi ya kutorosha watu magerezani, malipo yake familia iachwe huru. Sara kazika kaburi, kalea mtoto peke yake, mwisho kaolewa na huyo huyo Jacob bila kujua. Hapo tayari kuna kesi ya pili ya Sara lakini Mama Naila naona amechoka tumuache apumzike.

Mimi naongelea dakika za mwisho kabisa. Michael ameshinda, kesi zote zimefutwa, wakubwa wanampa ajira anakataa, anasema ana ombi moja tu. Ombi lenyewe ni Jacob apelekwe Fox River. Jacob anaingia selo, mlango unafungwa, anageuka anamkuta nani kwenye kitanda? T-Bag. Na T-Bag mwanae, yule Whip, ameuliwa na watu wa Jacob, na aliyemkutanisha na huyo mtoto ni Michael huyo huyo. Mnajua kilichofuata.

Sasa rudi Panama. Yule aliyeacha boti kwa sababu hawezi kuishi na wazo kwamba T-Bag yuko huru anaua kwa ajili yake. Huyo huyo, miaka baadae, ana njia zote za kisheria za kumfunga Jacob maisha, anachagua selo ya T-Bag. Halafu anaenda kukaa bustanini na mke na mtoto jua linawaka vizuri. Kijiti uliuliza mikono yake ni misafi kwa sababu gani. Jibu lilikuwa linakusubiri sizoni ya 5. Mara ya kwanza T-Bag alitoka kwa ajali ya mipango yake, mara ya mwisho T-Bag ndo mpango.

Kijiti Kavu:

Aisee. Niliiangalia juzi tu hiyo na nilipiga makofi kabisa.

Binti Makorora:

Mimi huyo wa sizoni ya 5 simtetei na hamtonipata hapo. Sizoni yenyewe episodi 9, mara Yemen mara Ugiriki mara CIA, waandishi walishaishiwa. Michael wangu alikufa 2009 na nilimlilia, aliyerudi ni Kaniel Outis, jina si lenyewe hilo wamempa?

Mpiga Chabo:

😂😂😂 Binti umeona mteja wako anazama ukambadilisha jina.

Binti Makorora:

Nimecheka pia ila subirini, sijamaliza na nyie. Mmemkaanga Michael uzi mzima, Haywire, Bob, Sara, T-Bag, vidole vya mguu. Mbona hakuna hata mmoja aliyemgusa Lincoln? Asiye na hatia, asiye na hatia, na mimi nimelisema humu. Lakini ile usiku ya Steadman alikwenda kufanya nini kwenye yale maegesho na bunduki mkononi? Alikwenda kuua mtu ili deni lifutwe. Alikuta mtu keshakufa ndani ya gari, ndo pona yake. Sasa Mtoto wa Kota na Baba Wawili nyie wenye mizani, niambieni, Michael alipokuwa anawatoa watu wote wale sadaka alikuwa anamtoa mtu wa namna gani? Na alijua au hakujua?